Samaki wa Jiwe: Kipi Chake, Kipi cha Fundi

Mara nyingi huja na msiba. Tanga limeanuliwa, watoto wanagawana vitu vya marehemu, na ukutani sebuleni, chini ya picha ya harusi, linakutwa bamba la jiwe lenye rangi ya chai ya maziwa. Ndani yake kalala samaki wa kahawia iliyokolea, mapezi wazi, miiba ya mgongo inahesabika mmoja mmoja. Mrithi wa kwanza anasema ni mchongo. Wa pili anasema ni mchoro. Wa tatu, aliyekosa shamba, anauliza litauzwa bei gani.

Wawili wa mwanzo huenda wote wamepatia. Bamba la namna hii linaweza kubeba samaki wa kweli, mchongo na mchoro kwa pamoja, tena katika eneo lisilozidi kiganja. Ndiyo maana swali ambalo kila mtu huanza nalo, kama jiwe ni la kweli au la bandia, halimfikishi mtu mbali. Linalojibika ni jingine: ndani ya bamba hili, kipi ni cha samaki na kipi ni cha fundi?

Tuanze alikotoka. Mabamba mengi ya samaki yanayoning'inia majumbani, kuanzia Chicago hadi kwa wajomba waliorudi na shahada zao kutoka Marekani, yametoka kusini-magharibi mwa jimbo la Wyoming, jirani na mji mdogo wa Kemmerer. Leo ni nchi kavu, ya upepo na baridi kali. Miaka milioni 52 hivi iliyopita palikuwa na ziwa katika hali ya joto, lenye mamba na kasa majini na mitende pembezoni. Chokaa laini kama unga ilishuka chini ya maji msimu baada ya msimu, ikajipanga katika kurasa nyembamba kama za chapati iliyokunjwa vizuri: ukurasa mweupe wa chokaa, ukurasa mweusi wa mabaki ya viumbe, mweupe tena, mweusi tena. Samaki aliyekufa akatua chini na kufunikwa kabla hajasambaratika.

Wataalamu walianza kuwaandika samaki hao mwaka 1856, Joseph Leidy alipomtaja mmoja wao. Edward Drinker Cope akafuata na orodha ndefu. Biashara nayo haikukawia. Robert Lee Craig alianza kuchimba mwaka 1897 na akaendelea kwa takriban miaka 40, akiwauzia makumbusho na wapita njia. Mwaka 1972 sehemu ya eneo hilo ikawa hifadhi ya taifa iitwayo Fossil Butte, ambamo hakuna wa kuchimba kwa ajili ya kuuza. Nje ya mipaka yake yapo machimbo ya watu binafsi yanayochimba na kuuza kwa halali hadi leo. Mwaka 1987 jimbo likamchagua samaki mmoja mdogo, Knightia, kuwa kisukuku chake rasmi.

Huyo Knightia ndiye anayenifanya nisiwe na hofu kubwa na bandia kamili. Ni wengi kupindukia. Kumchimba mmoja mdogo ni rahisi kuliko kumchonga kutoka mwanzo, na hakuna fundi atakayepoteza siku tatu kughushi kitu kinachopatikana kwa nyundo na patasi. Udanganyifu huingia pale samaki anapokuwa mkubwa, au adimu, au anapofanya kitu cha kusisimua. Kwa hiyo jina la samaki lina uzito katika uchunguzi: ukishajua ni nani, unajua pia kiasi gani cha kishawishi kilikuwa mezani kwa fundi.

Kumtambua si kazi ya kutisha kwa mtu aliyezoea soko la samaki. Knightia ni wa ukoo wa dagaa wa Kigoma, na sura yao inaonyesha: mwili mwembamba, mkia wenye panda, pezi moja fupi katikati ya mgongo, na magamba magumu yaliyojipanga kama meno ya msumeno ukingoni mwa tumbo. Wengi hawazidi urefu wa kiganja, na mkubwa kabisa hufika kama sentimita 25. Anayechanganywa naye sana ni mtoto wa Diplomystus. Huyu mdomo wake unatazama juu, kama wa samaki anayekula usoni mwa maji, tumbo lake limeshuka, na pezi la chini nyuma ya tumbo ni refu, linakwenda karibu hadi mkiani. La Knightia ni fupi. Ukilitazama pezi hilo tu, umeshamaliza nusu ya ubishi. Akikomaa, Diplomystus huzidi nusu mita, na hapo bei hubadilika kabisa.

Priscacara ataonekana kama sato aliyelazwa kwenye sahani: mwili wa duara, miiba mikali mgongoni, na miiba mitatu mbele ya pezi la chini. Mioplosus ana mapezi mawili ya mgongoni yaliyoachana na mwili wa mwindaji, na mtu wa Mwanza angeweza kumwita sangara asione haya. Phareodus ana meno makubwa yaliyochongoka, mapezi ya kifuani marefu kama mabawa, na mapezi ya juu na ya chini yamesukumwa nyuma karibu na mkia. Notogoneus mdomo wake uko chini, wa kufyonza matope; katika samaki walio hai, ndugu zake wa mbali ni pamoja na mwatiko wa pwani yetu. Kisha yuko taa wa ziwani, Heliobatis, na mkia wake wenye miiba. Kama bamba lako lina taa, kaa chini kabla hujaendelea: huyo ni wa thamani, na chochote chenye thamani kimeshikwashikwa.

Lebo ya zamani isikutishe ikiwa na jina usilolikuta kwenye vitabu vya sasa. Leidy alimweka Knightia katika jenasi ya Clupea, na Cope alimwita Phareodus kwa jina la Dapedoglossus. Mmoja wa samaki waliojulikana kwa miaka mingi kama Priscacara alihamishiwa jenasi ya Cockerellites mwaka 2010. Jina lililopitwa na wakati ni dalili nzuri, kwa sababu linakuambia lebo iliandikwa enzi gani. Kipande cha karatasi kilichogandishwa nyuma ya jiwe kina thamani kuliko fremu ya mti wa msandali, na mara nyingi ndicho kinachobanduliwa na kutupwa kwanza siku ya usafi.

Sasa mkono wa fundi. Watu wengi hudhani samaki hutoka ardhini kama anavyoonekana ukutani. Haitokei hivyo. Katika machimbo ya Wyoming kuna matabaka mawili yanayojulikana sana, na kila moja huzaa aina yake ya kiraka. Katika la kwanza jiwe hupasuka kirahisi, na mara nyingi mpasuko unapita katikati ya samaki mwenyewe. Nusu ya mifupa inabaki upande huu, nusu upande ule. Samaki hawa huwa wa rangi ya chungwa au kahawia, na wengi wana mapengo: shavu limekwenda, mbavu zimebanduka, ncha ya mkia imebaki kwenye jiwe la pili ambalo halikuokotwa. Mapengo hayo ndiyo yanayomwita mtu mwenye brashi na kikopo cha rangi.

Tabaka la pili huitwa la inchi 18, kwa unene wake. Hapo samaki ni weusi zaidi, mifupa imekamilika, lakini jiwe halipasuki juu yao. Linaacha utando mwembamba unaowafunika, na kinachoonekana ni uvimbe tu, kama mtu aliyelala chini ya shuka. Wachimbaji huutafuta uvimbe huo kwa mwanga wa kulaza. Wengine hufanya kazi usiku makusudi, taa imewekwa chini karibu na jiwe, ili kivuli cha uti wa mgongo kijitokeze. Baada ya hapo mtu huketi na sindano, au na mashine ya kupuliza unga laini, akiondoa utando punje kwa punje kwa saa nyingi. Mkono ukiteleza, pezi hukatika. Na pezi likikatika karakana, kuna njia mbili: kuliacha lilivyo, au kulichora jipya.

Hapa nina msimamo ambao baadhi ya wakusanyaji hawaupendi. Kuunga bamba lililovunjika si kosa, na mabamba makubwa karibu yote yamevunjika mahali fulani kati ya machimbo na ukuta. Kujaza ufa kwa plasta nako si kosa. Hata kupaka rangi ncha ya pezi naweza kuvumilia, kama anavyovumiliwa fundi nguo aliyetia kiraka na kukionyesha. Kosa huanza pale kiraka kinapofichwa na mnunuzi kulipishwa bei ya kitambaa kizima. Tatizo la urithi ni kwamba aliyejua kilipo kiraka ameshazikwa.

Mchunguzi mzuri haanzi na samaki. Anaanza na jiwe, nyuma na pembeni. Geuza bamba. Alama za msumeno mgongoni ni kawaida, maana mabamba hupunguzwa unene ili yabebeke. Lakini ukikuta mgongo wote umepigwa plasta au kugandishwa kwenye mbao, jua kuna kitu hakikutaka kuonekana, hata kama ni mivunjiko tu. Kisha tazama ukingo. Zile kurasa nyeupe na nyeusi zinapaswa kwenda moja kwa moja kutoka kona hadi kona. Zikikatika ghafla, au upande mmoja ukiwa na kurasa na mwingine ukiwa mtupu kama saruji, umekutana na samaki aliyehamishwa: amekatwa na kipande chake cha jiwe na kupachikwa ndani ya bamba kubwa zaidi. Usoni, samaki wa namna hiyo huzungukwa na mstari mwembamba au duara la rangi tofauti kidogo, kama doa la maji kwenye ukuta uliopakwa chokaa.

Sasa fanya kama mchimbaji wa usiku. Zima taa ya juu, shika tochi ya simu, ilaze usawa wa jiwe. Mfupa una mwinuko na hutupa kivuli. Rangi haina mwinuko. Pezi linaloonekana vizuri mchana na kutoweka chini ya mwanga wa kulaza limechorwa. Kinyume chake pia hutokea: pezi lenye kivuli kikali mno, mistari yake imezama badala ya kuinuka. Hilo limechongwa ndani ya jiwe kisha likapakwa rangi. Lenzi ya kukuza mara kumi humaliza shauri. Miale ya pezi laini la samaki wa kweli ina viungo vidogo vidogo kama muwa, na karibu na ncha kila mmoja hugawanyika. Mchongaji mvivu hutengeneza kitana: mistari iliyonyooka, yenye nafasi sawa, isiyo na kiungo wala tawi. (Miiba migumu ya Priscacara haina viungo, kwa hiyo usimhukumu huyo kwa kipimo cha Knightia.)

Shahidi ninayemwamini kuliko wote ni ufa. Nyufa zilizopita kwenye mwili wa samaki lazima zikate mfupa kama zinavyokata jiwe. Ukiona rangi imeingia ndani ya ufa, brashi ilikuja baada ya ufa. Ukiona mfupa umevuka ufa bila kukatika, si mfupa. Na ukiona ufa unafika kwenye samaki, unapotea, kisha unaibukia upande wa pili, kuna mtu ameujaza na kuupaka.

Wengi wana kifaa kingine bila kujua: ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia dukani. Mwanga wa urujuanimno huzifanya gundi nyingi, vanishi na vijazio kung'aa tofauti na jiwe. Gundi ya kisasa mara nyingi hutoa weupe wa buluu, na vanishi ya zamani ya utomvu wa wadudu hutoa rangi ya chungwa. Usitafute rangi fulani, tafuta tofauti. Kichwa kinachoitika hivi na mkia unaoitika vile havikupitia maisha yaleyale. Lakini taa hiyo husema tu kwamba kuna kitu kimepakwa. Haisemi chini yake kuna nini. Vanishi iliyopakwa juu ya samaki mzima miaka mingi iliyopita, kwa nia njema ya kumkinga, itang'aa kila mahali na kukutia wasiwasi wa bure.

Kuhusu dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ambayo watu hushauriana kuijaribu kwa pamba: iacheni. Ndiyo, asetoni huyeyusha rangi ya fundi. Huyeyusha pia gundi halali iliyoshikilia mifupa isimwagike, na hapo utakuwa umegundua ukweli kwa kuuharibu. Ndimu ni mbaya zaidi. Inang'arisha shaba, lakini kwa jiwe la chokaa ni asidi tu, na jiwe hulika mbele ya macho yako. Msasa, maji ya sabuni na vanishi mpya vyote viko kundi hilohilo. Nasema hivi kwa sababu samaki wengi waliodumu miaka milioni 52 huharibiwa wiki ya kwanza baada ya mirathi. Brashi laini ya kupangusa vumbi inatosha.

Yapo mabamba yenye visa, na haya yanahitaji jicho kali zaidi. Bamba la Knightia kumi au ishirini linaweza kuwa la kweli, maana samaki hao walikufa kwa makundi. Lakini kifo cha kundi hakina mpangilio wa mpambaji. Wengine hulaliana, mmoja yuko ukurasa wa juu na mwenzake wa chini, na msumeno uliokata bamba lazima umkate mtu mkia. Wakiwa wote wazima, wamepeana nafasi kama viti vya ukumbini, na hakuna hata mmoja aliyeguswa na ukingo, wamepandwa. Kisa kingine ni cha Mioplosus aliyekabwa na samaki mwenzake kinywani. Vielelezo vya kweli vipo: mlafi alijaribu kumeza kilichomzidi, wakafa wote wawili. Kwa kuwa bei yake ni kubwa, wapo wanaomsogeza dagaa wao hadi mdomoni mwa mkubwa na kumgandisha hapo. Mwindaji kwa kawaida humeza kwa kuanzia kichwa, kwa hiyo mkia ndio unaobaki nje, na mwili wa anayemezwa unapaswa kuendelea chini ya mifupa ya taya na mashavu. Ukiishia midomoni kama sigara, mwache.

Usidhani mtaalamu hadanganyiki. Mwaka 1996 David Martill na wenzake walieleza fuvu la dainosa kutoka Brazili, kwenye miamba ileile inayotoa samaki mashuhuri wa uwanda wa Araripe. Wafanyabiashara walikuwa wameurefusha mdomo wake kwa pati, aina ile wanayotumia mafundi wa kunyoosha bodi za magari. Wataalamu walipogundua walikasirika kiasi cha kumpa mnyama jina la Irritator, yaani mkeraji. Miaka mitatu baadaye jarida la National Geographic lilimtangaza "Archaeoraptor" wa Liaoning, China, kama kiungo kati ya dainosa na ndege. Picha za eksirei za kompyuta zilionyesha vipande vya wanyama tofauti vilivyogandishwa: mwili wa ndege, mkia wa dainosa mdogo. Bamba hilo halikuwa la plastiki. Kila mfupa ulikuwa wa kweli. Uongo ulikuwa kwenye gundi.

Kama urithi wako haufanani na samaki wa Wyoming, huenda ni wa kwingine. Samaki ndani ya yai la jiwe, mnene badala ya kubanwa bapa, huelekea Araripe, ambako uhifadhi ni wa ajabu kiasi kwamba mwaka 2016 ilitangazwa kuwa moyo umekutwa ndani ya samaki aitwaye Rhacolepis. Lakini Brazili imeyafanya masalia hayo mali ya taifa tangu 1942, na jiwe lisilo na hati ni mzigo kabla ya kuwa mali. Lebanoni inatoa samaki wa baharini wa enzi za dainosa. Italia inatoa wa Bolca, ambao walipendwa kiasi kwamba majeshi ya Napoleon yalihamishia mkusanyo wao mkubwa Paris mwaka 1797.

Na kama yule mzee hakusafiri kamwe, bali alifanya kazi Singida? Hili nalo si la kudhani tu. Huko Mahenge, katika matope yaliyogeuka jiwe ya ziwa la kasoko lililokauka, kuna samaki wa miaka milioni 46 hivi. Greenwood na Patterson walimpa mmoja wao jina la Singida mwaka 1967. Ni ndugu wa mbali wa yuleyule Phareodus wa Wyoming. Mwaka 2000 Alison Murray akaeleza Mahengechromis, miongoni mwa samaki wa kale kabisa wanaojulikana wa familia ya sato. Samaki wa namna hii hauzwi. Sheria ya mambo ya kale ya Tanzania ya mwaka 1964 inayagusa masalia ya wanyama wenye uti wa mgongo, na Kenya ina yake ya mwaka 2006. Pa kupeleka ni makumbusho ya taifa.

Kwa bamba la kawaida la Wyoming hakuna haja ya safari hiyo. Lipige picha mbele, nyuma na pembeni, rula ikiwa kando. Waulize wazee waliobaki lilipatikana wapi kabla nao hawajasahau. Kisha chukua kadi ngumu na penseli, maana wino hufifia, na uandike ulichokiona bila kumpamba marehemu wala kumvunjia heshima: Knightia, samaki mmoja, urefu sentimita 11, Wyoming. Kichwa na uti wa mgongo, asili. Ncha ya mkia, sentimita moja, rangi. Ufa wa kona ya kushoto umeungwa. Lililetwa nyumbani na mwenyewe, mwaka haukumbukwi, risiti haipo.